We, We, We

Duka liko ghorofani, mtaa wa Kiusa, Moshi,
juu ya wauza misumari. Sare za shule:
sketi za kijani, sweta za bluu, kaptula za kaki
zimepangwa kwa umri, miaka sita hadi kumi na tatu.
Mama Aikande kanipa kiti cha cherehani,
chai ya tangawizi, na neno moja:
"Nitengenezee ule mlango."

Tatizo ni hili. Marehemu mumewe, Elirehema,
alipoandikisha tovuti aliichora kwenye bango la dirishani
na w tatu mbele, nene, nyekundu,
kama mtu anayekuitia ng'ambo ya barabara:
we! we! we!
Binti yao Ndeshi, aliyesomea Arusha,
akachapisha risiti bila zile herufi.
Jina tupu. Ndiyo kisasa, anasema.
Basi mzazi wa Pasua anaingia kwa huku,
wa Machame kwa kule,
na seva, kama karani aliyesinzia,
haijui kwamba ni duka moja.

"Hata mimi," anasema Mama. "Kibosho naitwa binti Ndetaramo,
hapa mjini Mama Ndeshi,
benki wana jina langu ambalo hata mbwa wangu halijui.
Lakini wote nawaitikia."
Ndivyo, mama. Mashine ndiyo inayofundishwa kuitika.

Mara ya kwanza niliharibu.
Nilimwambia mwenye w aende kwa asiye nazo,
kumbe Ndeshi, mwaka jana, alishamwambia asiye nazo
aende kwa mwenye nazo.
Kivinjari kikazunguka, kikazunguka, kikakata tamaa.
Mama akacheka hadi akajishika kiuno.
"Hiyo naijua! Nilipofuatilia mirathi:
dirisha la tatu, nenda la saba;
la saba, nani kakutuma huku? Rudi la tatu.
Siku nne. Mpaka mlinzi akawa ananiwekea kiti."

Nikaufuta mstari wa Ndeshi, nikaandika upya, polepole:
ujaye na w,
ujaye bila kufuli,
ujaye na makosa yote mawili, pita huku,
na ulichokifuata uje nacho.
Maana aliyekuja kutafuta sweta namba kumi
si haki kumtupa sebuleni
aanze kuuliza tena.

Ikabaki namba ya kuweka. Nikamweleza.
Mia tatu na mbili: ametoka kidogo, mngoje hapo hapo.
Mia tatu na moja: amehama, andika anwani mpya,
usirudi kugonga huku.
"Na aliyekufa?"
Ipo, nikasema, nikajuta neno likiwa bado mdomoni.
Mia nne na kumi.
Alikuwepo. Hayupo. Hakuna pa kukuelekeza.

Chini, mtu alikuwa anapima misumari kwa kilo,
tukaisikia ikimwagika kwenye mizani.
Mama akalitazama bango, kwa nyuma,
herufi zikisomeka kinyume,
nyekundu iliyochunwa na masika mawili.
"Hiyo usiiweke," akasema. "Weka ya kuhama."

Nikaiweka. Nikaiwasha seva upya,
nikajaribu kwa simu yangu njia zote nne;
zote zikaangukia kwenye sketi zile zile za kijani.
Akanilipa elfu arobaini
na sweta ya mtoto ambaye sina.

Nilikuwa nakunja waya wangu
simu ya batani, iliyofungwa kwa mpira, ikalia mezani
kati ya chaki na utepe wa kupimia.
Sauti ya mtu wa Rombo, kubwa, ya mteja wa siku nyingi,
hata mimi nikaisikia: Elirehema yupo?

Mama akaweka mkasi chini.
"Umefika," akasema. "Mtoto ana miaka mingapi?"