Kinyumenyume

Miaka kumi na mmoja Delyth Orme
aliwakatia wengine upepo.
Alirudi nyuma hadi kwenye gari la timu,
akashindilia chupa sita ndani ya jezi,
akaupanda mlima tena na mimba ile ya maji,
akagawa, akagawa,
mwenyewe akalamba chumvi ya midomo.
Ushindi alioupika hakuwahi kuuona uso:
ulijikinga mgongoni pake siku nzima,
kisha zikibaki mita mia mbili
ukampita kwa kushoto bila hodi.

Halafu mvua ya Derbyshire,
mstari mweupe barabarani,
tairi likateleza kama mlenda.
Mtulinga, mara ya tatu.
Maua ya timu na barua ya kuvunja mkataba
vilifika siku moja.

Nilikutana naye Shrewsbury, kwenye dirisha la dawa.
Mimi ni mfamasia, kilo arobaini na nane pamoja na viatu,
ndiyo maana klabu ya mtoni ilinipa usukani.
Nikamwambia: njoo Jumamosi, saa kumi na mbili alfajiri,
miguu hiyo haijastaafu.
Akacheka kwa upande mmoja, ule usiouma.

Mto Severn mwezi wa Februari hauna urafiki.
Kasia lilizama, mpini ukamgonga mbavu.
Viganja vilivyozoea glavu vikachanika
hata vitasa vya milango akafungua kwa kiwiko.
"Breki iko wapi?"
Hakuna.
"Na mbele sioni?"
Mbele ni kazi yangu. Wewe vuta.

Hilo lilimshinda kuliko baridi.
Shingo ilimgeuka yenyewe
ikitafuta kona, shimo, gurudumu la mtu;
mtumbwi ukayumba, Hattersley wa kiti cha pili akatukana.
Nitazame mimi, nikasema.
Akanitazama: macho ya kijivu, yasiyoniamini,
ya mtu aliyezoea kuwa pazia.

Mei, karibu na daraja la Kingsland,
tuliwafikia wale wa Bewdley.
Nilikuwa napiga kelele, nikidanganya hesabu.
Bado kumi! (Zilikuwa ishirini na mbili.)
Mimi niliona daraja tu na bata wawili wenye kiburi.
Yaliyotokea nyuma niliyasoma usoni pake:
kwanza mshika usukani wao, mdomo wazi,
kisha migongo, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne,
ikirudi, ikipungua,
na Delyth akiitazama yote, bila haraka,
kama anayehesabu chenji yake.

Tulishika nafasi ya tano kati ya saba.
Sijui kwa nini alilia.

Sasa huja mazoezini kwa baiskeli ya kikapu,
mkate ndani, skafu ya mama yake.
Akifika kona ya daraja hugeuza shingo
atazame barabara alikotoka,
muda mrefu,
mpaka gari limpigie honi.