Shimo Namba Kumi na Saba

Saa kumi na moja alfajiri Belmira anapanga chunguni:
nyama chini, kisha kabeji na magimbi,
soseji ya damu juu kabisa, ili ikianza kulia
mafuta yateremke yawafikie walio chini.
Hatii maji. Maji ni ya ziwa.

Anakivisha chungu shuka la marehemu
(bado lina herufi zake pindoni, A.M.),
na Eduíno, kijana wa manispaa ya Furnas,
anakishusha kwa ndoana ndefu, anafukia,
anachomeka kibao: 17.

Hapa mlima ulipasuka,
ukadidimia tumboni mwake wenyewe.
Likabaki kasoko, mvua ikalijaza asitazame mtu.
Ndipo wakaja watu,
wakajenga ndani ya bakuli,
wakapanda kabeji kwenye mdomo wa moto.
Ufuko unatokota kama uji.
Padri huita onyo. Belmira huita jiko.

Hajawahi kununua mkaa.

Akingoja, hukalia jiwe lenye joto,
anamwandikia mwanawe Toronto:
“Usinitumie tiketi tena.
Huko kwenu ardhi imelala fofofo,
nitaotea nini miguu?”

Saa sita mchana kibao kinang'olewa.
Shuka linanuka kiberiti, naye pia.
Anapakua sahani mbili, kwa mazoea,
moja anaielekeza ziwani.

Chini huko kitu kikubwa kinageuza ubavu.
Vijiko vinagongana.

“Tulia,” anakiambia, mdomo umejaa.
“Kesho Ijumaa. Kesho ni samaki.”