Tumbaku kwa Ajili ya Ruba

Meza ni ile ya kukatia vitambaa, hapa Kanyenye.
Kabula kasogeza cherehani ukutani,
na daftari la mraba liko wazi, ukurasa wa kumi na moja:
Wayanad.
Tumeliandika jina mara tatu,
kila mmoja akisahihisha mwandiko wa mwenzake.

Treni mpaka Dar, daraja la pili. Ndege mbili.
Kisha gari, anasema Sujata kwenye simu,
kona tisa za kupandia mlima,
na nyani pembeni wanaokagua mifuko
kama maofisa wa forodha.
Msije Juni. Juni mvua hainyeshi, inahamia.
Njooni kahawa ikiwa nyekundu,
na kwa njia za msituni, zenye ruba,
pakeni miguu chumvi na tumbaku.

Kabula akaangusha kalamu.
Tumbaku!
Sisi tulioichuma Urambo kabla ya meno ya pili,
mikono ikinata hata tonge likawa chungu,
sisi ambao baba alipangiwa daraja la chini
msimu baada ya msimu,
akarudi na baiskeli ileile,
leo tuivushe bahari
tukamzuie mdudu asitunyonye?
Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Baba yake Sujata hakuwa mtu wa kucheka.
Mwalimu Raghavan, suruali ya kaki, chaki nyuma ya sikio,
alichora ubaoni mstari uliopinda
na mwingine ulionyooka:
Unakaribia, Nyanzala, unakaribia, haugusi kamwe.
Usiulaumu. Ndiyo kazi yake.
Siku moja, kengele imeshalia, alisema
kwao kuna kijito nyuma ya hekalu
ambako watu huwaachia wafu wao.
Mwaka juzi naye akaachiwa pale,
jivu, alfajiri.

Hekaluni hatutaingia.
Sujata ametuambia mapema, sauti chini:
asiye wa dini yao hukomea uani.
Kabula kanuna siku mbili.
Mimi nimeandika tu:
Viatu tutavua hata hivyo.

Jumamosi ni mazoezi.
Mji wetu tambarare kama sinia,
basi tunapanda ngazi za tangi la maji,
na Kapela, mlinzi, anatuhesabia:
Mara sita leo, mama zangu. Mnamkimbia nani?
Babu wa babu yetu alitembea hadi pwani
na mzigo begani, akalipwa vitambaa.
Sisi tutalipa, tena kwa dola,
tupande mlima mikono mitupu
halafu tushuke palepale.
Mweleze marehemu, ukiweza.

Kadi ya homa ya manjano: tayari.
Pasi ya Kabula: picha imekataliwa, alitabasamu.
Asali ya Ulyankulu, lita moja,
nailoni mbili na kilemba juu yake,
kama forodha watakuwa na huruma.
Nauli imepungua laki nne na themanini.

Nimepiga mstari chini ya hesabu hiyo,
na mwingine juu yake, unaoinama, unaokaribia.
Kabula kaninyang'anya kalamu,
kaukandamiza mpaka karatasi ikatoboka:
Huu utagusa.
Kisha akavuta cherehani,
kuna sare kumi na nane za shule zinamsubiri.