Mapigo ya Mapumziko

Saa kumi na mbili, uwanja wa Nyamagana,
nyasi bado zina umande.
Nimeshika kifundo cha mkono wa Minza,
saa ya kuazima inahesabu:
tisini na sita.

Narudia. Tisini na nne.
Mkimbiaji wa mita elfu tano, namwambia,
moyo wake haupaswi kwenda mbio hivi akiwa amekaa.

Anacheka. Viganja vinanuka dagaa.
"Nimetoka Mwaloni, magunia kumi na moja.
Si ulisema nije kabla ya mazoezi?"

Fomu ya msimamizi ina safu moja tu:
mapigo ya mapumziko.
Nafuta tisini na nne.
Namsogezea kiti cha nyuma aweke miguu,
na chapati yangu.

Jua limepanda juu ya Bugando.
Minza amesinzia, mdomo wazi.
Sasa ndiyo wakati wa kumpima.

Simgusi.