Hatua Sitini na Nne

Kutoka dirisha langu la forodha, hapa Malaba,
hadi choo cha nyuma ya mizani ya malori
ni hatua sitini na nne.
Nimezihesabu juani, nimezihesabu kwenye mvua,
nimezihesabu nikiwa na pasi ya mtu mkononi
na dereva wa saruji akiniita, "Afande, muhuri!"
Ufunguo anao Ikwap, mlinzi, ambaye haulizi tena.
Akiniona nimeinuka, anaurusha.

Haya yalianza na msiba wa Osukuru:
tulikula, tukanywa maji ya kisima kile, tukazika,
na wiki nzima tumbo likawa ndilo linaloniamuru.
Wenzangu walipona. Mimi pia nilipona,
kwa jina.
Kuhara kuliondoka, kukaacha mizigo yake ndani:
leo msokoto, kesho choo kimefunga kama duka la Jumapili,
keshokutwa gesi, tumbo likinguruma mbele ya mkuu wa kituo
kama lori linalopanda kilima na gia mbovu.

Tororo walinipima. Minyoo, hakuna.
Mbale wakapitisha kamera,
na kijana mmoja akaniambia, kana kwamba ananipa zawadi:
"Utumbo wako safi, mzee. Hauna kitu."
Hauna kitu!
Hilo "hauna kitu" lilinisokota hadi nyumbani.
Mama mkwe akataja jirani. Mchungaji akataja dhambi.
Athieno, mke wangu, hakutaja chochote.
Aliyaondoa maharage kwenye sahani yangu,
akayala yeye.

Ni Daktari Akiteng aliyeniuliza nafanya kazi gani.
Nikamwambia. Akacheka, akachukua kalamu,
akachora mstari kwenye bahasha ya vipimo vyangu.
"Huu ni utando wa utumbo. Unene wake, seli moja.
Moja, Ofwono. Juu yake ute, unateleza kama bamia.
Kati ya seli na seli kuna vifungo,
na hao ndio maafisa wako:
maji, pita; sukari, pita; chumvi, lete karatasi;
bakteria, baki hukohuko.

Sasa, kwa baadhi ya wagonjwa, si wote,"
(alirudia, si wote, nami nikamwamini kwa kurudia)
"baada ya kuhara kukali, au hofu ya muda mrefu,
vifungo hulegea.
Ukuta hauanguki. Ungeanguka, kamera ingeuona.
Zinafunguka njia za panya."

Njia za panya! Nazijua kwa majina.
Ile ya katikati ya mihogo, ile ya mtoni usiku,
mafuta ya kupikia yakivushwa na watoto wa shule, dumu kichwani.
Hakuna aliyevamia nchi. Ni vijipande tu,
ganda la bakteria, chembe ya chakula,
lakini askari wa doria ndani wamezinduka,
wanapuliza filimbi usiku kucha,
na mishipa ya fahamu, majirani zao, haipati usingizi.
Hata upepo wa kawaida ukipita
inapiga yowe: mwizi!

Kwa hiyo maumivu yangu si uongo.
Ni ukweli unaosemwa kwa sauti kubwa mno.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufanyeje ufa ukiwa haushikiki na jicho,
na fundi ni wewe, na udongo ni wewe.
Akiteng hakuniahidi saruji.
Alisema: punguza vitunguu, tuone. Lala mapema. Andika unachokula.
Mengine, alisema, bado hatuyajui.

Jana saa kumi foleni ilifika hadi kituo cha mafuta.
Tumbo likabisha hodi. Nikainuka, kiganja juu ya kitovu,
nikamsemesha yule afisa mdogo wa ndani,
mchovu, asiyelipwa posho ya usiku:
"Kaza kidogo, mwenzangu."
Akakaza, au nilidhani.
Hatua ya arobaini nilisimama. Nikageuka.
Ikwap akabaki na ufunguo mkononi, mdomo wazi.
Dereva wa saruji alikuwa bado dirishani.
Nikampigia muhuri.

Leo asubuhi zilikuwa sitini na nne.