Sikio la Vaidotas

Shule ya muziki ya Kaunas ilipouza vinanda vyake vya mbao
ikanunua vya umeme, vyembamba kama ubao wa kupigia pasi,
walimwita Vaidotas ofisini, wakampa kahawa, saa ya ukutani,
na barua yenye neno shukrani mara tatu.
Hivi havilegei nyuzi, walimwambia.
Havina nyuzi, akasema. Akamaliza kahawa, akaondoka.

Miaka thelathini na minne alikaza nyuzi,
shavu kwenye ubao, ufunguo mkononi,
akiihoji kila sauti: wewe, mbona unadanganya?
Sasa yuko nyumbani, ghorofa ya nne, juu yangu kabisa,
na ile saa ya zawadi inachechemea:
tiki ndefu, taka fupi.
Siku ya pili aliing'oa betri.

Kipupwe chote nilimsikia akitembea.
Dirishani, mlangoni. Dirishani, mlangoni.
Nilidhani kapotelewa na kitu.
Kumbe kitu anacho; aliyepotea
ni wa kukihitaji.
Maji ya kisima yasiyotekwa huota ukoga.

Kisha ikawa lifti.
Lifti yetu ni ya enzi ya Wasovieti, hupanda kwa kunung'unika,
nasi tumeizoea kama mkwe mkorofi.
Vaidotas akasimama ndani yake, kakumbatia mkate mweusi,
akasema: leo imeshuka nusu sauti. Kuna kamba imechoka.
Tulicheka. Birutė wa ghorofa ya pili alicheka mpaka akakohoa.
Fundi alipokuja akafungua, akanyamaza,
akatuonyesha kamba ya chuma
iliyochanuka ncha kama ufagio mkuukuu.

Basi mlango wake haukupoa tena.
Njoo usikilize friji yangu.
Njoo usikilize bomba, linalia usiku kama paka.
Akanunua daftari, akaandika kwa penseli:
Rasa, friji: yaimba juu mno, kunja karatasi, weka chini ya mguu wa kushoto.
Kęstutis, bomba: mpira wa senti hamsini.
Birutė, kifua: hii si kazi yangu, mpeleke kwa daktari LEO.
(Walimpeleka. Ilikuwa nimonia.)
Hakutoza hata senti. Alilipwa achari ya matango,
soksi za sufu, na maneno mengi kuliko alivyopenda.

Lakini ninalotaka kusema ni la Dominykas.
Ana miaka saba, na kifaa cha kusikilizia nyuma ya sikio.
Kifaa kilipiga mluzi, darasani wakamwita birika,
naye akawa anakizima, anakitia mfukoni,
anakaa kimya kama samaki kwenye chupa.
Hospitali ilimpa mama yake tarehe: baada ya miezi minne.

Vaidotas aliusikia mluzi ule akiwa ngazini, ghorofa mbili chini.
Alipiga magoti mbele ya mtoto, pale pale kwenye saruji baridi,
akaomba ruhusa kwa vidole.
Mrija ulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.
Siku tatu alizunguka maduka akitafuta mrija wa saizi ile.
Akaukata, akauchomeka, akasikiliza. Akautoa. Akaukata tena.

Jioni walitoka nje, nami niko dirishani.
Mtoto alipiga hatua moja, akasimama.
Akapiga nyingine. Akamgeukia mzee:
Theluji ina sauti?

Usiku ule Vaidotas aligonga kwangu, viatu vimelowa,
anacheka na kufuta pua kwa mkono wa koti.
Ina sauti, aliniambia. Miaka sitini na mbili, Danutė,
naikanyaga tu, naikanyaga.
Nikampa chai. Hakuigusa.

Juzi nilipanda kumrudishia sufuria.
Ile saa imerudi ukutani, betri ndani,
bado inachechemea: tiki ndefu, taka fupi.
Nikamuuliza, nawe fundi, hii mbona huirekebishi?
Alikuwa anachonga penseli.
Iache, akasema. Inanichelewesha vizuri.
Na mlango ukagongwa.