Pindo la Sketi

Machi walifunga shule, nikabaki na sketi nne za bluu
zikining'inia ukutani kama watoto walioadhibiwa.
Ukungu wa Tukuyu ukapanda kutoka bondeni,
ukaingia dukani bila hodi, ukakaa.

Barazani nikaweka ndoo ya bomba
na kipande cha sabuni nilichokifunga kwa uzi,
maana cha kwanza kilichukuliwa na kunguru.
Wateja nikawapima kwa maneno, wao nje, mimi ndani:
"Kiuno?"
"Kama cha mwaka jana."
"Mabega?"
"Si unayajua mabega yangu, Tusekile?"
Niliyajua. Nikakata kwa kukumbuka.
Futi kamba ikalala ndani ya kopo la vifungo,
imejikunja kama jongoo aliyeguswa.

Nilishona barakoa. Mabaki ya vitenge,
vya maua, vya mafeni, vya harusi ya Gwakisa
iliyoahirishwa mpaka bibi harusi
akaanza kunenepa kwa sababu zake.
Nikajifunza kumtambua mtu kwa paji la uso,
kwa namna anavyokunja mwavuli.

Usiku mtaa mzima ulinuka mchaichai na mikaratusi.
Watu waliingia chini ya blanketi na sufuria zao,
wakatoka wakitiririka, wanahema, wanacheka.
Mwalimu Asumwisye alijifukiza siku tano.
Walisema ni kifua. Walisema baridi ya mwaka huu.
Tulimzika tukiwa wachache, tumesimama mbalimbali
kama migomba iliyopandwa na mgeni.
Suti niliyompunguzia Februari
ilikuwa imempwaya tena.

Halafu redio ikataja tarehe.

Wakaja. Kina mama na furushi kwapani,
jioni, asubuhi, mmoja na taa ya simu.
Sketi zilikuwa zimelala sandukuni, miguu haikulala.
Watoto wamekula viazi, wamechuma chai,
wamerefuka bila kuomba ruhusa.

Nikafumua pindo la sketi ya Atuganile
na hapo chini nikauona:
utepe wa bluu, mbichi, upana wa vidole viwili,
haujui jua, haujui sabuni ya mche.
Juu yake bluu ya siku zote, imechoka.
Katikati, mstari wa mkunjo wa zamani.
Nikaupiga pasi ya mkaa. Ukagoma.
Nikanyunyiza maji, nikapiga tena. Ukagoma.
Basi, nikasema, kaa.

"Simama wima," nikamwambia mtoto.
Nikaitoa futi kamba koponi, nikasita.
Mikono yangu ilikuwa imesahau
kwamba kiuno cha mtoto kina joto.
Nikaizungusha. Akajipinda kama samaki:
"Inanitekenya!"
Ishirini na mbili na nusu. Nikaandika kwa chaki.
Nikapima tena, ingawa nilishajua.

Mfuko nikautia bitana ya kitenge cha mafeni.
Humo ataweka kalamu, karanga,
na barakoa yake, akishavuka tu geti.

"Elfu mbili," nikamwambia mama yake.
Akashika kiuno. "Kushusha pindo tu?
Uzi wenyewe wa dhahabu?"
"Bei ya mkaa umeiona?"
"Mkaa nimeuona, macho yako ndiyo siyaoni!"
Ng'ambo ya barabara muuza tangawizi
akaacha kupanga mafungu, akasikiliza.
Miezi mitatu hakuna aliyebishana nami.
Waliacha hela juu ya stuli, wakaondoka
kama watu watokao wodini.
Nikakaza, ili asinyamaze.
Akanitaja mimi, akamtaja shangazi yangu,
akaitaja cherehani yangu kwa jina baya.

Tukakubaliana elfu moja na mia tano.
Akahesabu elfu moja na mia mbili kiganjani mwangu,
sarafu moja moja, zingali na joto la kifua chake.
"Mia tatu nitaleta kesho."
"Kesho ipi?"
"Kesho, Tusekile. Kesho hii hii ya kawaida."